Jinsi ya kupata vyombo vikubwa vya bei nafuu vya kutunzia kamba kochi na kaa hai nyumbani (Mtwara na Lindi)

Huku kwetu ukishaamua unataka kununua kamba kochi (wale kamba wakubwa wa miambani) na kaa wa mikoko kwa wavuvi, ukawatunza hai nyumbani siku mbili tatu mpaka zifike kilo za kutosha kumpelekea mteja, kitu cha kwanza kinachokukwamisha sio pampu wala umeme, ni chombo cha kuwawekea. Simtanki jipya la lita 1000 linaweza kula mtaji wote kabla hujanunua hata kaa mmoja, na ukishalileta nyumbani unagundua umbo lenyewe halifai, ni refu, mdomo mdogo, mkono haufiki chini, kamba akifia huko ndani unamtoa kwa shida na maji yameshaharibika. Mi nimehangaika na hii kitu miaka kadhaa, toka Ligula mpaka Mikindani na Lindi mjini, nimepoteza hela na nimepoteza wanyama, kwahiyo nayoandika hapa ni njia ninayoifuata sasa ivi.

Kabla ya chombo pita kwanza kwa afisa uvuvi wa eneo lako akwambie leseni na vibali vinavyohitajika, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo na inasimamiwa. Ukiwa upande wa Msimbati kumbuka pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna taratibu zake za ziada. Na kamba mwenye mayai tumboni usimpokee, mwambie mvuvi amrudishe majini, huyo ndio kamba wa miaka ijayo.

Hatua ya 1: piga hesabu ya sakafu kabla ya lita

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza "lita ngapi?" Kamba kochi na kaa ni wanyama wa chini, wanatembea na kujificha chini, hawaogelei huko katikati kama samaki. Maji ya kina cha sentimita 30 mpaka 40 yanawatosha kabisa. Kwahiyo kinachokupa nafasi ni upana wa sakafu. Lita zina kazi yake, maji mengi yanachelewa kuchafuka na yanachelewa kupata joto, ila hizo lita unaweza kuziweka kwenye pipa jingine pembeni ukaunganisha kwa bomba na pampu, sio lazima ziwe juu ya kichwa cha kamba.

Chukua pipa la bluu la plastiki, lile la lita 200. Likisimama wima upana wake ni kama sentimita 58, yani sakafu unayopata ni robo tu ya mita ya mraba na kidogo juu. Sasa lilaze, lipasue kwa urefu katikati, unapata mahori mawili, kila moja mdomo wake ni kama sentimita 58 kwa 88, hiyo ni nusu mita ya mraba kila hori, ukijumlisha yote mawili umefika mita moja ya mraba. Pipa ni lile lile, hela ile ile, nafasi imekuwa karibu mara nne. Siku nilipopima kwa futi nikaona hii hesabu nilikaa chini kabisa, kwasababu nilikuwa na mapipa sita yamesimama uani kama askari na kila siku nalalamika nafasi haitoshi.

Ila hori la pipa lina tabia zake. Ukilijaza maji kingo zinafunguka kwa nje, linataka kulala, lazima ulitengenezee kitanda cha mbao za mbili kwa nne pande zote mbili na ulifunge kamba ya nailoni juu katikati, toka kingo hii mpaka ile. Mbao nunua, au tumia nguzo za mkaratusi, usikate mikoko maana huko ndiko kaa wenyewe wanakokulia. Chini pia ni mviringo kwahiyo wanyama wanalundikana katikati, weka vipande vya bomba la plastiki la inchi 4, kila mmoja aingie kwake.

Kwenye bei, gawa bei kwa lita na gawa tena kwa sakafu. Mfano tu wa hesabu: pipa kwa elfu 40 ni shilingi 200 kwa lita, tangi la kreti la lita 1000 (lile jeupe ndani ya kizimba cha chuma) kwa laki mbili na nusu ni shilingi 250 kwa lita, unaweza ukadhani pipa ndio rahisi. Lakini tangi la kreti ukilikata unapata zaidi ya mita mbili za mraba, zilizo bapa, hazihitaji kitanda cha mbao. Hapo mambo yanabadilika.

Hatua ya 2: nenda kwa wanaotumia chakula

Usianzie kwa wauza skrepa. Sio watu wabaya, ila wao chombo kimeshapita mikono mitatu minne, hata wao hawajui kilibeba nini, na wewe unachotaka kujua kuliko chochote ni hicho. Anzia kwa mtumiaji wa kwanza. Wanaooka mikate na wauza mafuta ya kula kwa jumla wana mapipa. Watengeneza juisi wana mapipa ya mchanganyiko wa matunda, hayo ni matamu, yanasafishika vizuri sana. Wafuga nyuki na wanunuzi wa asali vilevile. Wanunuzi wa samaki pale feri wakati mwingine wana makasha ya barafu yaliyovunjika mfuniko, kwao hayafai tena, kwako ni dhahabu, kasha la barafu lina ukuta mnene na maji yanabaki ya baridi hata jua la saa nane.

Kuna kitu watu wanapita bila kukiona, nacho ni simtanki lililopasuka. Shule, nyumba za wageni, majumba ya kupanga, simtanki likipasuka juu karibu na mfuniko au ubavuni juu, wanalitupa uani linaota majani. Mwenyewe anakuuzia bei ya kutupa. Wewe unalikata kwenye kina cha sentimita 50 au 60 toka chini, unabaki na beseni kubwa la duara, na duara ndio umbo zuri kuliko yote, maji yanazunguka na uchafu unajikusanya katikati, alafu kamba hawana kona ya kurundikana wakakosa hewa. Kagua tu kama ufa haujashuka chini. Jaza maji ya bomba kabla hujalipa, kama mwenyewe atakubali, na ukikuta asiyekubali kabisa jiulize kwanini.

Kwenye simtanki la zamani pia angalia jua limelifanya nini. Sugua kwa kiganja, ukitoka na unga mweupe mkononi kama chaki, plastiki imeshachoka, ukilikata litapasuka lenyewe siku ukilijaza.

Hatua ya 3: ulizia chombo kilibeba nini

Hapa soma taratibu, kwasababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilinunua pipa zuri sana, la bluu, halina hata mkwaruzo, karatasi yake ilikuwa imebanduliwa imebaki gundi tu. Muuzaji akaniambia "lilikuwa la sabuni hilo kaka". Nikaliosha kwa sabuni ya unga mara tatu, nikalianika, nikanusa sikusikia kitu. Jioni nikaweka kamba kochi kumi na moja, wazima, wanapiga mkia ukiwashika. Saa kumi na moja alfajiri nikaenda na tochi, nikakuta wote wamelala chali. Hawajafa, na hicho ndicho kilichoniuma, miguu ilikuwa inatetemeka, ile mitetemo midogo midogo ya haraka, na zile antena ndefu zimelegea zimelala juu ya maji. Nikawahamishia maji mapya, haikusaidia kitu. Mpaka saa tatu wameisha wote kumi na moja. Nilikaa pale uani sikuongea na mtu.

Mjomba wangu ambaye ni mkulima wa korosho alikuja mchana, akasikia habari, akaniuliza swali moja tu: "Wale mbu wa mikorosho ukiwapulizia, wanakufaje?" Nikamjibu wanaanguka chali wanatetemeka. Akaniangalia tu.

Sisi mikoa ya kusini ni mikoa ya korosho. Kila mwaka kuna salfa na dawa za maji za ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), kuna dawa za kuua wadudu, na vyombo vyake vinazagaa. Kamba na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu, wana magamba kama wao na mishipa ya fahamu inayofanana, dawa iliyotengenezwa kumuua mdudu wa mkorosho inamuua kamba kwa kipimo kidogo mno ambacho pua yako haiwezi kusikia. Na dawa nyingi hizo zinachanganywa na mafuta, yale mafuta yanaingia ndani ya plastiki yenyewe, yananywewa kabisa, alafu yanatoka kidogo kidogo kwa miezi. Sabuni inaosha juu tu. Kwahiyo chombo kilichobeba kiuatilifu hakisafishiki, hata kwa maji ya moto, hata kwa jiki, hata ukipewa bure. Na usikitumie hata kwa maji ya kunywa ya watoto.

Kusini pia kuna gesi na kuna saruji na kuna ujenzi, kwahiyo unaweza kukutana na matangi yaliyobeba kemikali za kukaushia gesi, za kuchanganyia zege, mafuta ya mashine, rangi. Yote hayo acha.

Maswali ninayouliza sasa ni haya: Kilibeba nini? Umekitoa wapi? Nani alikifungua mara ya kwanza? Naweza kuona karatasi? Karatasi ikiwa imebanduliwa na anayeuza hajui, naondoka, hata kama bei inanivuta shati. Kwenye tangi la kreti kuna bamba la chuma mbele, mara nyingi karatasi imebandikwa hapo, isome yote, alama ya fuvu au ya samaki na mti uliokauka ina maana sumu, usilete nyumbani. Chini ya chombo kuna pembetatu yenye namba, 2 na 5 ndio plastiki nazozitaka.

Alafu fanya jaribio la pua, lakini sio la kunusa hivi hivi. Mwaga humo lita tano za maji ya moto, funga mfuniko, tingisha, acha juani saa nzima. Fungua ukiwa umeweka uso pembeni, vuta hewa kidogo kwa kuipepea na mkono. Harufu ya juisi, asali, mafuta ya kula, sawa. Harufu ya dawa, mafuta ya taa, rangi, au harufu usiyoijua, rudisha.

Hatua ya 4: kulikata tangi la kreti

Tangi la kreti ni lile la lita 1000 jeupe ndani ya kizimba cha chuma, upana mita 1 kwa urefu mita 1.2. Ndio ninalolipenda kuliko yote. Pima katikati kuzunguka pande zote, chora mstari kwa makapeni, alafu angalia ile mistari ya chuma ya kulala. Hakikisha kila nusu inabakiwa na chuma cha kulala karibu na ukingo wake wa juu, kwasababu ndicho kinachozuia plastiki isitutumke maji yakijaa. Ukikata chuma hovyo, ukuta unavimba kama tumbo. Chuma kata kwa grenda, plastiki kata kwa msumeno wa mkono, taratibu, maana grenda inaiyeyusha inaacha kingo mbaya. Kingo zisugue kwa msasa, miguu ya kamba inakatika kirahisi.

Nusu ya chini tayari ina koki yake ya kumwagia maji, hiyo iko poa. Nusu ya juu ukiigeuza mfuniko unakuwa chini, usiuamini, ufunge na mpira wake ukiwa mzima, weka silikoni, jaza maji uangalie usiku mzima. Silikoni chagua ile ya matangi ya samaki, zile za bafuni nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu.

Kile kizimba kimepakwa zinki, kwahiyo maji yakimwagikia chumani yasirudi ndani. Zinki na shaba ni adui wa kamba na kaa. Koki za shaba, mabomba ya bati, waya, misumari, visiguse maji kabisa. Tumia koki na viungio vya plastiki tupu, fundi bomba wa kawaida anavyo.

Hatua ya 5: ukikosa tangi na pipa

Friza bovu la kulala ni zuri sana kwa kutunza ubaridi. Mwite fundi friji atoe gesi na kompresa kwanza, usitoboe mwenyewe ukuta. Mengi ndani ni bati, lazima uyalaze nailoni nene ya mabwawa ya samaki, isiwe na kiraka. Mfuniko uache wazi kidogo hewa ipite.

Ukuta wa tofali na nailoni ya bwawa: panga tofali safu tatu bila udongo, mwaga mchanga laini chini usio na mawe, laza nailoni, jaza. Siku ukihama unabeba. Turubai za malori siziamini, zina dawa.

Karo la saruji ni la kudumu ila saruji mpya inachoma maji, ijaze umwage, ijaze umwage, kwa wiki tatu hivi, na usiweke nondo karibu na uso wa ndani maana chumvi itazila na karo litapasuka.

Hatua ya 6: kubeba na kusafisha

Tangi la kreti likiwa tupu linaingia kwenye kirikuu bila shida, mapipa mawili yanaingia kwenye guta. Epuka kuhamisha kuanzia Oktoba minada ya korosho ikichanganya, magari yote yako kwenye korosho na bei unapangiwa. Na kamwe usijaze maji ya bahari tangi likiwa juu ya kirikuu, lita 1000 za maji ya bahari ni kilo 1,025, utavunja gari ya mtu.

Lililobeba mafuta ya kula lioshe kwa maji ya moto na magadi mpaka vidole visiteleze. Yote yaoshe tena kwa maji yenye jiki, kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 20, usichanganye na sabuni nyingine, suuza, anika juani siku mbili. Alafu jaza maji ya bahari, acha siku mbili, mwaga yote.

Sasa jaribio la mwisho, ambalo siliruki tena maisha yangu yote. Weka maji mapya, weka kamba wadogo wa kawaida (sio kochi) watano sita wa bei rahisi, pamoja na hewa ya pampu, na wengine watano kwenye ndoo safi unayoiamini, maji yale yale, hewa ile ile. Subiri saa 48. Wa ndoo wakiwa wazima na wa tangi wamelala chali, tatizo ni tangi. Wa pande zote wakiwa wazima, umepata chombo.

Hatua ya 7: kuliweka na kulijaza

Liweke chini kwenye mchanga ulioshindiliwa au zege, sio kwenye ubao, chini ya kivuli cha makuti. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, na kamba anahitaji hewa nyingi, kivuli cha makuti kinakusaidia kuliko pampu ya pili. Juu weka wavu na uufunge, kamba akishtuka anaruka, na kaa anapanda bomba.

Maji chota bamvu (yale maji makubwa) likiwa linajaa, mbali na mitaro ya mji. Nusu tangi la lita 500 ni madumu 25 ya lita 20. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili, usichote karibu na mto, kule Lindi maji ya Lukuledi yanaingia bahari ya hapo hapo na chumvi inashuka. Maji yakipungua kwa jua ongeza maji ya kawaida yasiyo na chumvi wala klorini, chumvi haipai na mvuke, ukiongeza ya bahari unazidisha chumvi. Mi sizidishi kilo 5 kwenye nusu tangi, na siku hizo chache siwalishi, kaa nawafunga magando mmoja mmoja.

Ukishamaliza, chukua rangi, andika ubavuni mwa kila chombo kwa herufi kubwa: MAJI YA BAHARI, na pembeni andika kilibeba nini zamani na tarehe uliyokinunua. Pale kwangu shemeji alishawahi kuchota ndoo nzima akaenda kuloweka maharage.